Nafasi Moja

Tangazo limebandikwa ghorofa ya pili, hapa Trondheim,
ubavuni mwa mashine ya kahawa inayotoa maji matupu:
nafasi moja ya uzamivu, miaka minne, mshahara kamili,
mada: safari ya chumvi ndani ya zege la madaraja.
Mwisho wa kupokea maombi, tarehe kumi na tano, saa sita usiku.
Halisemi nafasi imepatikanaje.

Mimi si msomi. Ni fundi wa maabara,
kazi yangu kuvunja vipande vya zege na kuandika namba,
tangu binti yangu anatambaa; sasa anaendesha lori.
Wazamivu kumi na mmoja wamepita mikononi mwangu.
Gudmund alikuja na nywele, akaondoka na hoja.
Torhild aliolewa kati ya sura ya pili na ya tatu,
akaachika kabla ya viambatisho.
Na Sjur, ambaye siku moja ya Novemba
alitundika koti jeupe, akasema anakwenda kununua mkate.

Sampuli zake mia mbili na kumi bado zimo majini,
rafu ya chini kabisa, kwenye mabeseni ya chumvi.
Maji hupungua. Kila Ijumaa nayaongeza.
Hakuna aliyeniagiza.

Maombi yalikuja mia moja thelathini na nane.
Profesa Halldis Brekkan aliyachapa yote, hapendi kusoma kwenye kioo,
nami nikayabeba kwa toroli ya saruji.
Nilichungulia. Dhambi ndogo.
Karibu kila barua ina shauku: shauku kubwa,
shauku ya tangu utotoni, shauku isiyo na mipaka.
Mashine yangu hupima kitu kinabeba uzito gani kabla hakijapasuka;
shauku sijui niiweke upande upi.

Walioitwa ni wanne. Niliwatembeza.
Wa kwanza aliuliza makala ngapi kwa mwaka.
Wa pili alipiga picha.
Vemund, wa tatu, alijua kila kitu, hata kasoro za mashine yangu,
na alikuwa sahihi; nilimchukia hadi saa ya chakula.
Wa nne, Ingebjørg Aasvatn, alikuwa na makovu vidoleni:
majira matatu ya joto amekwangua kutu kwenye madaraja
apate kodi ya chumba.
Mtaka cha mvunguni... Yeye aliinama,
akasoma tarehe kwenye vibandiko, midomo ikihesabu.
"Miezi thelathini," akasema. "Hii hainunuliki.
Nani anaongeza maji?"
Nikajibu kwamba mabeseni yanavuja kidogo.
Hilo halikuwa jibu, na sote wawili tulijua.

Wakamchagua Vemund.
Fundi hapigi kura.
Alikubali Jumatatu, Alhamisi akaandika
kwamba Zürich wamempa zaidi,
salamu nyingi, na asante kwa kahawa.
Kahawa gani?

Januari, theluji imefika kiunoni mlango wa nyuma,
Ingebjørg akaingia na glovu zake mwenyewe.
Nilimpa ufunguo. Nilitaka kumwambia
kwamba uzamivu kabla ya kuwa cheti ni kitendo:
mtu anashuka, na juu lazima abaki wa kushika kamba;
kwamba Sjur alishuka, na sisi kule juu
tulikuwa tunabishana kuhusu bajeti ya vifaa.
Badala yake nikamwonyesha swichi ya taa, ile inayogoma,
unaibonyeza kwa kiwiko.

Kwenye rafu ya chini alibandika jina lake
chini ya jina la Sjur. La kwanza hakulibandua.

Ijumaa nikaenda kuchukua ndoo, kama kawaida,
nikaikuta imelowa.
Mabeseni yote yalikuwa yamejaa hadi kwenye alama,
na ukutani, kwa penseli, mwandiko uliolalia kushoto:
saa moja na dakika arobaini, lita tatu,
beseni la sita kweli linavuja.